Tui la Kwanza, Shira, na Jina Moja

Jamaa zetu walioko London, Toronto na Dubai huniandikia mara kwa mara wakitaka mapishi ya nyumbani kwetu, na karibu wote huulizia vitu vile vile: biriani ya harusi, pilau ya Idi, halua. Sina ugomvi na vyakula hivyo, ila vyote ni vyakula vya wageni. Vilipikwa na wapishi wa kukodiwa, katika masufuria ya kuazima, nyuma ya nyumba. Na halua haikupikwa kwetu hata siku moja, ilinunuliwa kwa fundi wake, kama inavyonunuliwa hapa Maskati hadi leo. Vyakula vilivyotulea ni vingine. Ni chatne ya nazi iliyosagwa muda mfupi kabla ya kuliwa, mchuzi wa tui wa Jumanne isiyo na sherehe yoyote, chupa ya ukwaju iliyokaa nyuma ya mlango wa friji, kalimati za alasiri, uji wa mchele wa mgonjwa, bokoboko la siku ya baridi. Hakuna aliyeviandika, kwa sababu hakuna aliyedhani kuwa vinaweza kupotea.

Mwaka huu nimeanza kuviandika. Mama yangu, ambaye sasa ana miaka 79, hali tena chakula kingine ila hivyo, na kila anapoonja hunieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza miaka yote niliyojifunza kupika kando yake.

Nitatangulia na nazi, maana bila yake nusu ya jiko letu haipo. Oman ya ndani, walikotoka babu zetu wa upande wa kiumeni, ni nchi ya mitende. Wanawake wa huko walipika kwa samli, ndimu kavu na tende. Minazi ya Oman iko Salalah, kusini kabisa, kilomita 1,000 hivi kutoka Maskati, ambako pepo za kusi huleta manyunyu na kuifanya milima ya Dhofar kuwa ya kijani wakati sisi huku tunaungua. Wazee wetu walipofika Maskati mwaka 1972, nazi ilikuwa bidhaa ya kutafutwa katika soko la Matrah, nyingi zikiwa zimesafiri kutoka India. Mama huniambia kuwa alikuwa akiitikisa kila moja karibu na sikio kabla ya kulipa, kwani nazi iliyonyamaza ni nazi iliyokaukiwa na maji, na hiyo mara nyingi imekwisha kuharibika. Wauzaji walimcheka. Mbuzi yake ya kukunia aliiacha Unguja pamoja na vingine vyote. Akamchongesha seremala kigoda kipya, na ulimi wa chuma wenye meno ukaletwa na msafiri kutoka Mombasa, umefungwa ndani ya kanga ili usimkate mtu. Mbuzi hiyo ninayo. Ulimi wake umenolewa mara nyingi hata umepungua upana, lakini meno bado yanakamata.

Leo nazi ya kopo iko katika kila duka, na sikatai kwamba ina kazi yake. Kasoro ni kwamba kopo lina tui la namna moja tu. Nazi iliyokunwa hukamuliwa kwanza kwa nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu. Linalotoka ni tui la kwanza, zito, ambalo Mama huliita kasimile. Kisha machicha yale yale hutiwa vikombe viwili vya maji na kukamuliwa tena, na mara ya tatu kama nazi ni nzuri. Hilo ni tui jepesi. Mchuzi hupikiwa tui jepesi pamoja na bizari, tungule na samaki aliyetiwa ndimu na chumvi, ukatokota mpaka samaki akaiva. Kasimile huingia mwisho, na tangu hapo mkono hauondoki katika upawa. Huteka na kumimina, huteka na kumimina, mpaka povu la kwanza litokee pembeni mwa sufuria, kisha moto huzimwa. Ukiliacha tui litokote peke yake litakatika, mafuta yaelee juu na maji yabaki chini, na mchuzi wa tui lililokatika huliwa kimya kimya, kila mtu akitazama sahani yake. Mwenye kutia kopo zima tangu mwanzo atapata mchuzi mzito wenye rangi nzuri, lakini harufu ya nazi itakuwa imekwenda na mvuke zamani.

Chatne haina tui. Ni nazi yenyewe. Nusu ya nazi iliyokunwa, pilipili mbichi mbili, chembe moja ya thomu, chumvi nusu kijiko cha chai, na ama maji ya ndimu mbili ama embe bichi dogo lililomenywa. Husagwa kwa maji machache, vijiko vitatu au vinne, iwe laini lakini ulimi bado uhisi punje. Embe ni bora kuliko ndimu, na katika hili sitaki kubishana na mtu. Chatne huliwa siku ile ile. Kufikia magharibi ya siku ya pili nazi huanza kuchacha hata ndani ya friji, na mwenye pua huijua kabla ya kuionja.

Ya ukwaju ndiyo inayodumu. Gramu 200 za ukwaju hurowekwa katika vikombe viwili vya maji ya moto kwa nusu saa, hukamuliwa kwa vidole mpaka kokwa zibaki tupu, huchujwa, kisha hurudishwa motoni na kipande cha sukari guru cha ukubwa wa yai, pilipili ya unga, chumvi, na bizari nyembamba iliyokaangwa kavu na kutwangwa. Ikianza kung'ang'ania mgongo wa kijiko, imekuwa. Kwetu hukaa miezi miwili ndani ya chupa ya glasi, na hutumika kwa bajia, kwa mbatata, kwa samaki wa kukaanga, na kwa watoto wanaorudi shuleni na kuufungua mlango wa friji bila kujua wanatafuta nini.

Nilipokwisha kujaza kurasa kumi na mbili kwa mambo ya namna hii, nilizisoma kwa sauti mbele ya binti yangu, ambaye Kiswahili chake ni cha kusikia zaidi kuliko cha kusema. Majina mengi aliyapita bila kukwama: samli, sinia, sahani, birika, sukari, shira, zafarani, thomu, bizari, achari. Hayo anayasikia kwa Kiarabu cha hapa kila siku, yakiwa yamebadili mavazi kidogo. Alipokwama ni kwenye kazi. Kukuna ni nini? Kukamua? Kutokota na kuchemka vina tofauti gani? Tui linakatikaje, kama kamba? Mwiko alidhani ni jambo lililokatazwa tu, maana hivyo ndivyo alivyolisikia neno hilo katika hadithi za bibi yake. Hakujua kuwa ni mti wa kusongea ugali. Chungu, kinu, mchi, ungo, vyote vilikuwa vigeni kwake.

Nimelifikiria hilo kwa wiki nyingi. Orodha ya majina aliyoyajua ni orodha ya vitu vilivyokuja na majahazi, kutoka Arabuni, Uajemi na India, kwa upepo wa kaskazi. Orodha ya maneno yaliyomshinda ni ya mikono. Vitenzi vya jikoni kwetu ni vya Kibantu, karibu vyote: kupika kwenyewe, kukaanga, kutwanga, kusonga, kupepeta, kumenya. Mtu anaweza kununua sinia na asiwe na mtu wa kumwambia neno lolote juu yake. Lakini hakuna anayeweza kujifunza kukuna nazi pasipo kuketi karibu na mtu anayekuna, na neno huingia sikioni wakati mkono unajifunza. Basi maneno haya yaliingia katika nyumba ya Waarabu kwa njia ya nani?

Katika familia yetu kuna karatasi ya nasaba iliyoandikwa kwa Kiarabu, kwa wino mweusi, inayotaja wanaume kumi na mmoja, baba juu ya baba, mpaka kijiji kimoja cha Sharqiya. Ami yangu mkubwa ameitia kioo. Wengi wenu mnayo nakala yake. Wanawake waliotajwa ndani yake ni watatu, na kila mmoja ametajwa kwa jina la baba yake. Waliopika hawamo kabisa.

Mwezi wa Rajabu uliopita Mama alipatwa na homa, na kwa siku nne hakupitisha kitu isipokuwa maji. Siku ya tano nikampikia uji wa mchele. Kikombe kimoja cha mchele hurowekwa saa mbili na kutwangwa nusu nusu, usiwe unga. Hupikwa kwa tui jepesi juu ya moto mdogo mpaka punje zianze kusahau umbo lake. Hutiwa sukari na hiliki, kisha kasimile, na chembe ya chumvi wakati wa kupakua. Alikunywa vijiko vitatu, akafumba macho. Kisha akasema, "Ndivyo hivi. Chumvi mwisho. Bi Fulani hakuwa akiitia mpaka mgonjwa amekaa kitako." Hakusema Fulani, alitaja jina. Mimi nina umri wa miaka 49 na sikuwahi kulisikia jina lile.

"Bi nani, Mama?"

"Aliyenifundisha kupika."

"Si Bibi?"

Mama akacheka kicheko chembamba cha mtu aliyedhoofika. "Bibi yako alijua kuonja."

Habari zake nilizipata vipande vipande, katika muda wa wiki kadhaa, kila nilipomchukulia kitu cha kula. Katika miaka ya 1950 alikuwa mwanamke mtu mzima wa miaka sitini na kitu, akiishi katika chumba cha uani cha nyumba yetu ya Malindi, Unguja. Mama yake aliletwa pwani kutoka upande wa Nyasa, naye mwenyewe alizaliwa katika nyumba ya mama yake bibi yangu. Alikuwa mtoto mdogo mwaka 1897, siku utumwa ulipofutwa kisheria Unguja na Pemba. Sheria ile haikuwafungulia watu milango. Aliyetaka uhuru ilimpasa aende mwenyewe kuuomba mahakamani, na masuria hawakuingizwa ndani yake mpaka mwaka 1909. Mama yake hakwenda kuomba kitu. Alipoulizwa na binti yake kwa nini, alijibu kuwa alikuwa na sufuria motoni. Mama anayasimulia haya kama kichekesho, kwa kuwa ndivyo yalivyosimuliwa kwake. Mimi nikiyasikia siwezi kucheka.

Yeye ndiye aliyemkalisha Mama juu ya mbuzi akiwa na miaka saba, akamwonesha jinsi ya kuzungusha nazi ili kisiingie kifuu chenye rangi ya kahawia, maana kikiingia tui halitakuwa jeupe. Yeye ndiye mwenye kanuni ya kuteka na kumimina. Embe badala ya ndimu ni yake. Hata kipimo cha sukari guru, ukubwa wa yai, ni chake, naye alisema yai la kuku wa kienyeji, jambo ambalo kila ninapopika hunilazimu kulipunguza yai la dukani kwa macho. Familia ilipoondoka baada ya mapinduzi ya Januari 1964, yeye alibaki. Alihamia kwa binti yake Ng'ambo. Siku ya kuagana alimfungia Mama kashata za nazi katika jani la mgomba, na Mama anasema zilikwisha kabla ya meli kutia nanga, kwa sababu ndugu zake wadogo walikuwa wakilia na hakukuwa na kingine cha kuwanyamazisha.

Nilimwandikia ami yangu, nikamwomba kwamba tutakapochapisha upya kitabu kidogo cha ukoo tuongeze ukurasa mmoja wa waliotulisha, na jina lake liwemo. Alinijibu kwa upole, kwa mkono wake mwenyewe, kurasa mbili. Kiini cha barua kilikuwa sentensi moja: "Nasaba ni ya damu, mwanangu, si ya masufuria." Akaongeza kuwa maneno ya namna hii yakifunguliwa huwa hayafungiki, na kwamba watu watayatumia kututukania wazee wetu. Ami aliyaona ya mwaka 1964 kwa macho yake, akiwa kijana wa miaka 17, na yapo aliyoyaona ambayo hajawasimulia hata wanawe. Siwezi kumwambia mtu kama huyo asiogope.

Hata hivyo sikubaliani naye, na nimemwambia. Sikuomba mtu aingizwe katika mstari wa baba zetu. Nimeuliza nani alitulisha, na swali hilo lina jibu. Wala damu yenyewe haiko mbali na masufuria kama karatasi inavyodai. Katika akina mama wa hao wanaume kumi na mmoja, wale waliozaa Unguja, wawili hawana baba katika maandishi yetu, na kila mzee wa ukoo anajua maana ya nafasi ile tupu. Sisi ni wana wa wanawake hao kwa kadiri ile ile tulivyo wana wa Sharqiya. Ndiyo sababu Mama, baada ya zaidi ya miaka hamsini ya kuzungumza Kiarabu na majirani, akishikwa na homa huomba maji kwa Kiswahili.

Lipo pia la leo, ambalo haliwezi kuachwa nyuma ya hilo la zamani. Dada anayetusaidia nyumbani ni mwenyeji wa Muheza, mkoa wa Tanga, na amenipa ruhusa ya kumtaja hivyo. Humwita Mama "Bibi", naye huitikia "Mwanangu". Siku ya kwanza alipoiona mbuzi yetu aliikalia bila kuambiwa, akakuna nazi mbili kwa muda ambao mimi hutumia kwa moja. Binti yangu alimtazama kama mtu anayetazama mchezo wa sarakasi. Sasa kila Ijumaa wawili hao hukuna pamoja, na yale maneno yaliyokuwa yakimshinda binti yangu hutoka kinywani mwake kwa lafudhi ya Tanga, jambo linalomchekesha Mama sana. Mkataba wa dada ni wa miaka miwili, na mmoja umekwisha. Ana mtoto wa kiume wa miaka tisa ambaye kwa sasa analelewa na mama yake, na siku anazompikia binti yangu maandazi ndizo siku anazompigia mwanawe simu usiku. Ninapoandika kwamba tunahifadhi urithi, najua urithi huo unahifadhiwa na mikono ya nani, na kwa mshahara gani.

Kalimati ndicho chakula kinachotuweka sote meza moja, maana kila mmoja anadai ni chake. Watu wa Ghuba huziita luqaimat, yaani matonge madogo, na huku hakuna futari ya Ramadhani iliyokamilika pasipo nazo. Vikombe viwili vya unga wa ngano, kijiko kimoja cha chai cha hamira, nusu kikombe cha mtindi, chembe ya chumvi, na maji ya uvuguvugu ya kuufanya unga uwe mzito kuliko wa chapati za maji lakini usiweze kushikika kama donge. Hupigwa kwa mkono, kutoka chini kwenda juu, dakika kumi kamili, mpaka uanze kutoa sauti ya kofi, kisha hufunikwa mpaka ujae mapovu. Hubinywa katika ngumi ya kushoto na kukatwa kwa kijiko kilicholowekwa mafuta, na hukaangwa moto wa kadiri, zikigeuzwa bila kuchoka ili ziwe duara na rangi moja.

Shira ndiyo inayotofautisha nyumba na nyumba. Vikombe viwili vya sukari kwa kimoja cha maji, hiliki nne zilizopasuliwa, na maji ya ndimu kijiko kimoja cha chai. Watu wengi huiacha ndimu wakidhani ni ya ladha. Kazi yake ni nyingine: uchachu ukikutana na sukari motoni huivunja sehemu yake, na shira haigandi tena kuwa punje ikipoa. Huchemka dakika nane hadi kumi, na hupimwa kwa kidole gumba na cha shahada; ukivitenganisha pakavutika uzi mmoja, ondoa motoni. Zafarani hutiwa baadaye, ikiwa imerowekwa katika arki ya waridi. Kalimati ziwe za moto na shira iwe vuguvugu. Vikiwa vya moto vyote viwili, kalimati hulainika na kulegea kama sifongo, na hakuna dawa ya kuzirudisha.

Desemba 2023, UNESCO iliuingiza upishi wa harees katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu, kwa maombi ya Falme za Kiarabu, Oman na Saudi Arabia. Nilifurahi kama kila mtu, na nikampelekea Mama habari hiyo chumbani. Akauliza harees ni kitu gani kipya. Nikamwambia ni bokoboko. "Aa," akasema, "hilo lilikuwa halijaandikwa?"

Jina hilo la bokoboko nalipenda kuliko jina jingine lolote la chakula, maana linasikika kama chenyewe kikiwa motoni. Kikombe kimoja cha ngano iliyokobolewa hurowekwa usiku kucha. Asubuhi huwekwa jikoni na nusu kilo ya nyama ya mbuzi yenye mifupa, maji ya kufunika mara tatu, kijiti cha mdalasini na chumvi kidogo. Hupikwa saa tatu au nne, mifupa huondolewa, kisha ndipo kazi inapoanza: hupigwa kwa mwiko mzito, dhidi ya ubavu wa chungu, mpaka nyama na ngano visijuane tena. Majirani zetu Waomani hulila na samli tupu. Kwetu hutiwa samli na vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa vyeusi pembeni, na kando yake kijiko cha chatne ya ukwaju. Jirani mmoja aliponiuliza ni nani aliyebuni kulichanganya na ukwaju nilimtajia jina lile, mara yangu ya kwanza kulitamka mbele ya mtu asiye wa nyumbani. Aliona ni jambo la kawaida tu, akaomba kuongezwa.

Mama sasa hula bokoboko vijiko vinne kwa siku, vitano akiwa na wageni. Daktari ameridhika. Kupiga mwiko siwezi tena peke yangu kwa sababu ya bega, hivyo mimi na dada hupokezana, na binti yangu huhesabu.

Jina lile nimeliandika kwa penseli pembeni mwa nakala yangu ya nasaba. Ya ami sijaigusa. Hapa sitaliweka mpaka nimpate mtu wa ukoo wake aniruhusu, kwa sababu ni lao kabla ya kuwa letu. Mama anakumbuka kuwa binti yake aliolewa Ng'ambo, upande wa Mwembetanga, na kwamba alikuwa akiuza vitumbua asubuhi mbele ya nyumba, vidogo kuliko vya wengine, vyenye hiliki nyingi. Jamaa mtakaokwenda Unguja siku za Idi, ulizeni wazee wa mtaa ule. Mkimpata mjukuu au kitukuu, mpeni namba yangu. Mama huwa macho alasiri, kati ya saa tisa na saa kumi na moja, na amesema atazungumza naye mwenyewe.